Sinia la Sikukuu Linapohamia Kusini

Kila mwaka, siku tatu nne kabla ya Krismasi, sokoni Mtwara mjini, kusini mwa Tanzania, huonekana kundi la wanunuzi ambalo mwenyeji hulitambua bila kuuliza. Hawasimami kwenye samaki wala hawaulizi bei ya nazi. Wanatafuta ndizi za kupika, na wakizipata huzigeuzageuza mkononi kwa uso wa mtu anayeuziwa kitu ambacho kwao hugawiwa bure. Wengi ni watumishi wa umma, wafanyabiashara na mafundi waliotoka Kilimanjaro, Kagera au Mbeya, na ndizi wanazozikuta zimesafiri juu ya lori siku nzima au zaidi, zimechubuka, na bei yake imepanda pamoja na safari. Mke wangu, mwenyeji wa Rombo, Kilimanjaro, alikuwa miongoni mwao kwa miaka mitatu ya mwanzo ya ndoa yetu. Mwaka wa nne aliacha. Alichukua muhogo mbichi, akaupanga juu ya nyama ya mbuzi katika sufuria moja kama machalari, zile ndizi zinazopikwa na nyama, yanavyopangwa kwao, na pale ambapo mama yake angetegemea mafuta ya nyama yenyewe, yeye akamimina tui la nazi. Mama mkwe wangu alipotutembelea Krismasi moja alikula, akanyamaza kidogo, kisha akauliza chakula hicho kinaitwaje. Hatukuwa na jina. Mpaka leo hatuna. Watoto hukiita "cha Krismasi".

Swali la mama mkwe ni gumu kuliko linavyoonekana. Mtu akisema kwamba chakula cha sikukuu cha familia iliyohama hubadilika kwa sababu ya mazingira, amesema kweli lakini hajaeleza kitu, kwa kuwa neno mazingira limebeba mambo kadhaa yasiyokwenda kwa mwendo mmoja: kalenda, bahari, soko, mikono inayopika na watu wanaokaa kulizunguka sinia. Soko hubadilisha chakula ndani ya mwaka wa kwanza. Mikono huchukua kizazi. Namna ya kugawana inaweza kudumu hata pale ambapo sufuria haina tena kiungo hata kimoja cha kwao. Mtwara na Lindi ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu watu wameingia na kutoka kwa wingi, na kwa sababu kwa mwendo wa saa chache tu za gari mtu hutoka kwenye mwambao wa nazi na pweza akapanda hadi Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako hata maji ya kupikia yamekuwa shida ya miaka mingi.

Nianze na kalenda, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika. Krismasi haihami, ni tarehe 25 Desemba kila mwaka. Hata hivyo, tarehe hiyo haiwakuti watu wote katika hali moja. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro mgomba huzaa mwaka mzima, na mbuzi wa sikukuu mara nyingi amefugwa nyumbani kwa nia hiyo hiyo, kwa hiyo familia hula kilichotoka kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani. Kusini, Desemba huikuta ghala ikielekea kuisha. Mvua zetu ni za msimu mmoja, huanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba na kukoma Aprili au Mei, hivyo wakati wa Krismasi mkulima anapanda, havuni. Alicho nacho wakati huo, mwaka ukiwa mzuri, ni fedha. Korosho huokotwa, hukaushwa na kupelekwa kwenye maghala chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa zao hilo katika msimu wa 2007/2008, na minada huanza Oktoba na kuendelea hadi mwisho wa mwaka. Ndiyo kusema Krismasi ya Rombo ni sikukuu ya shamba na Krismasi ya Masasi ni sikukuu ya mfuko. Mchele, nyama, mafuta na soda hununuliwa, na ukubwa wa sherehe hufuata bei ya kilo moja ya korosho. Katika msimu wa 2018/2019, Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo yakaenda kwa awamu kufuatana na uhakiki, mkulima ambaye zamu yake haikufika kabla ya sikukuu alisherehekea kwa kile ambacho hakihitaji mnada: kuku wake mwenyewe, ugali wa muhogo na maembe, ambayo Desemba huanguka chini ya miti bila mwenye haraka ya kuyaokota.

Mgeni anayetoka mahali ambapo sikukuu hutoka shambani huchukua muda kulielewa hili. Huona jirani yake mwenyeji akinunua kila kitu dukani siku ya Krismasi, akadhani ni fahari tu, kumbe ni majira ya mwaka yanayomsukuma.

Idd nayo hutembea. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Idd el Fitr hurudi nyuma kila mwaka na kuzunguka misimu yote ya kilimo kwa muda wa miaka kama 33. Mwaka 2018 iliangukia katikati ya Juni, wakati mpunga na kunde vimekwisha kuvunwa na wakulima wa Lindi wanauza ufuta. Mwaka 2025 iliangukia mwishoni mwa Machi, ndani ya miezi ambayo wazee hapa huiita ya njaa, ghala likiwa limeisha na mazao mapya bado yako shambani, ingawa majani ya kunde na maboga ni tele. Pilau ya Juni na pilau ya Machi huitwa jina moja, lakini ya kwanza hupikwa kwa mchele wa nyumbani na ya pili kwa mchele wa mkopo.

Hapa ndipo mabishano mengi ya kifamilia yanapozaliwa. Mtu aliyekulia Lindi katika miaka ya 1980, wakati Idd el Fitr ilikuwa ikianguka kati ya Agosti na Mei, anakumbuka sikukuu ya mchele mpya, karanga mpya na ming'oko, kile kiazi chembamba cha porini ambacho huchimbwa kiangazi na kuliwa kimechemshwa kwa chumvi na pilipili. Mdogo wake aliyepata akili mwanzoni mwa miaka ya 2000, Idd ikiwa kati ya Oktoba na Desemba, anakumbuka nyama ya ng'ombe, nguo mpya na fedha za korosho. Wakikutana huambiana kwamba mwingine ameacha mila. Hakuna aliyeacha. Kila mmoja ameichukua hali ya miaka kumi ya utoto wake akaiita asili, na mtu anayehama mkoa huondoka na picha hiyo hiyo, kisha huilaumu nchi ngeni kwa mabadiliko ambayo yangemfika hata kama angebaki nyumbani.

Kwa watu wa mwambao mwezi hufanya kazi nyingine ambayo mtu wa bara haitarajii. Idd el Fitr huja mwezi unapoandama, na mwezi mwandamo huleta bamvua: maji hujaa sana na hukupwa sana, mwamba ukabaki mtupu. Huo ndio wakati wa kutembea mwambani kutafuta pweza, chaza na kombe. Katika vijiji kama Sudi na Msimbati, siku za mwisho za Ramadhani na siku yenyewe ya Idd kwa hiyo ni siku ambazo pweza anapatikana kwa miguu, bila chombo wala mshipi. Idd el Hajj huja tarehe kumi ya mwezi, maji yakiwa mafu au yakiwa yametoka kuwa mafu, mwamba hauonekani vizuri, na sikukuu hiyo tayari ina nyama yake ya kuchinja. Kwa hiyo pweza wa nazi amekuwa na uhusiano na Idd ndogo ambao hakuna kitabu cha dini kilichouagiza. Familia ya Sudi ikihamia Nachingwea, uhusiano huo hukatika siku ya kwanza. Pweza mkavu hununuliwa, hulowekwa, hupikwa, lakini ile hekaheka ya kutoka maji yanapokupwa na kurudi na ndoo haiwezi kupakiwa kwenye basi. Nimewasikia watu wa pwani waliohamia bara wakilalamika kwamba pweza wa huko hana ladha. Naamini wanachokosa ni ile asubuhi ya mwambani.

Soko ni rahisi zaidi kuelezwa, nami sitakaa hapo muda mrefu, ila kuna kosa moja la kawaida linalofaa kusahihishwa. Wageni wengi hudhani kwamba pilau ya ng'ombe ni chakula cha tangu na tangu cha Kusini nzima kwa kuwa sisi ni watu wa pwani. Kwa Kilwa, Lindi mjini na Mikindani, bandari ambazo kwa karne nyingi zilifanya biashara na Uarabuni na Bara Hindi, wali wenye viungo una historia ndefu. Vijiji vya ndani ni habari nyingine. Mbung'o walizuia ufugaji wa ng'ombe katika sehemu kubwa ya mikoa hii, na makundi makubwa ya ng'ombe yaliingia hasa baada ya wafugaji walioondolewa bonde la Usangu, mkoani Mbeya, katika miaka ya 2006 na 2007 kuelekezwa Kilwa na Lindi. Kabla ya hapo nyama ya heshima kijijini ilikuwa kuku, akifuatiwa na mbuzi, na mchele wenyewe ulilimwa mabondeni tu, kama Kitere, kwa hiyo wali ulikuwa ndio sikukuu. Mtoto wa Newala wa miaka hiyo hakuuliza kama kutakuwa na pilau. Aliuliza kama kutakuwa na wali.

Barabara ilibadilisha hilo. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 juu ya Mto Rufiji, safari ya Dar es Salaam wakati wa masika ilitegemea mto, kivuko na tope, na duka la Mtwara lilikuwa na kile kilichowahi kufika. Leo vitunguu, viazi mviringo, mchele wa Mbeya na viungo vya pilau vilivyokwisha kuchanganywa kwenye pakiti hufika mwaka mzima, na barabara ya lami inayopita Tunduru kutoka Songea imefungua mlango wa pili wa mahindi, maharage na hizo ndizi za kuchubuka. Jambo ambalo watu hawalioni ni kwamba barabara hiyo hiyo imempunguzia mgeni sababu ya kubadilika. Mtumishi aliyehamishiwa Kusini mwaka 1975 alilazimika kujifunza kula alichokikuta. Aliyehamishiwa mwaka jana anaweza kuishi miaka kumi bila kuonja ugali wa makopa, yaani wa muhogo mkavu, akiwa na uvumilivu wa bei.

Katika vyote vinavyonunuliwa, mafuta ya chakula ndiyo husaliti asili ya mpishi upesi zaidi. Mtu wa mwambao hukuna nazi, akakamua tui zito na tui la kasimu, la pili likatangulia jikoni na la kwanza likaingia mwishoni. Mtu wa uwandani, ambako minazi ni michache, hutwanga karanga au korosho akazitia kwenye kisamvu na majani ya kunde. Mgeni wa bara huanza na mafuta ya chupa. Mke wangu alifika na mafuta, akapita kwenye nazi, na sasa hutia korosho zilizovunjika, zile ambazo wabanguaji huuza kwa bei ya chini, katika mchuzi wa kuku wa Krismasi. Hakufundishwa na mtu wa ukoo wangu. Alifundishwa na mwanamke wa Tandahimba aliyepanga chumba cha jirani.

Hilo linanipeleka kwenye mikono, ambako kwa maoni yangu ndiko kiini cha jambo kilipo. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mume ndiye aliyehamia kwa kina mkewe, na mjomba, kaka wa mama, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya watoto. Dini, sheria na maisha ya mji vimeupunguza utaratibu huo, lakini jikoni bado umekaa. Binti aliyebaki kwenye uwanja wa mama yake hupika akisimamiwa na mama na bibi. Namna ya kupika hushuka kutoka mwanamke hadi mwanamke bila kuingiliwa, na mwanamume aliyeoa hapo hula anachokikuta. Kwa Wachaga ukoo ni wa baba. Bibi harusi ndiye anayehama, anaingia kwenye kihamba cha mumewe, na mama mkwe ndiye anayemfundisha jiko la nyumba hiyo. Taratibu hizi mbili zikikutana kijijini, mmoja humeza mwingine bila shida. Zikikutana katika nyumba ya kupanga Mtwara mjini, mbali na wazee wa pande zote, hutokea jambo la ajabu.

Krismasi yetu ya kwanza mama yangu alikuja kutoka Lindi. Mke wangu, kwa heshima ya kwao, alimsubiri mkwewe aseme kitakachopikwa na namna ya kukipika. Mama yangu, kwa heshima ya kwetu, alisubiri mkwe wake apike alichofundishwa na mama yake mzazi, kwa kuwa kwa desturi ya Kimwera kumwelekeza binti wa watu jikoni mwake ni kumwambia kwamba hakulelewa. Saa nne asubuhi moto ulikuwa unawaka na hakuna sufuria juu yake. Kila mmoja alikuwa akimheshimu mwenzake, na jiko likakosa mkuu. Hatimaye ilipikwa pilau, kwa sababu haikuwa ya mmoja wao.

Tukio hilo dogo linaeleza, nadhani, kwa nini pilau imeenea katika sikukuu za Tanzania nzima kuliko chakula kingine chochote. Utamu wake si sababu ya kutosha; ndizi nyama nayo ni tamu. Pilau imepata nafasi ile ile ambayo Kiswahili chenyewe kilipata: ilitoka mwambao, haikubeba jina la kabila lolote la bara, na kila mtu anaweza kuitumia bila kuonekana amejisalimisha kwa mwingine. Iliki, mdalasini, karafuu na bizari nzima vikinukia, mpita njia anajua kwamba leo si siku ya kawaida, wala hahitaji kuuliza ni nyumba ya nani. Katika nyumba ya ndoa mchanganyiko ya hapa mjini pilau huwa chakula cha mwaka wa kwanza na wa pili. Vyakula visivyo na jina, kama huo muhogo wetu, huja baadaye, mpishi akishajua kwamba hakuna anayemsubiri akosee.

Utaratibu wa ukoo huamua pia sikukuu italiwa wapi. Mchaga anayefanya kazi popote nchini hujua Desemba inamwita kwa baba. Mtu wa Kusini huvutwa zaidi kwa kina mama. Kutoka Mtwara hadi Rombo ni zaidi ya kilomita 1,100, na nauli ya watu watano kwenda na kurudi huweza kumaliza mfuko wote wa korosho, kwa hiyo familia kama yetu huenda mara moja katika miaka kadhaa. Miaka ya katikati, ile ambayo watu huiona kama miaka ya kukosa sikukuu, ndiyo inayotengeneza mila mpya, maana hapo hakuna mzee wa kulinganisha naye na watoto hukariri wanachokiona.

Mgeni huchelewa pia kuiona sikukuu kubwa kuliko zote hapa, kwa kuwa haimo kwenye kalenda ya ukutani. Ni siku ya kuwatoa wali, yaani waliofundwa jandoni na unyagoni. Vijana wanaotoka jandoni na mabinti wanaotoka unyagoni hupokewa kwa ngoma, fedha, vitenge na chakula kingi kiasi kwamba ukoo huweza kujiandaa kwa mwaka mzima. Na kwa kuwa shule hufungwa Juni na Desemba, sherehe hizo nazo zimeegemea miezi hiyo. Mgeni aliyekaribishwa "kwenye wali" akadhani ameitwa kula mchele hakukosea sana, maana wali wa aina zote mbili watakuwapo. Katika Dayosisi ya Kianglikana ya Masasi, Askofu Vincent Lucas, katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, aliliingiza jando katika maisha ya Kanisa badala ya kulipiga vita, na hilo limesaidia familia za Kikristo za huko kutoona mgongano kati ya sherehe hizo na dini yao. Matokeo yake kwa chakula cha Krismasi ni ya moja kwa moja: ukoo uliotumia kuku wake wote kuwatoa wali mapema Desemba hula Krismasi ya kiasi, na mgeni asiyejua hudhani watu wa Kusini hawaipendi sikukuu hiyo.

Kuhusu majirani niseme kwa ufupi. Katika mtaa wenye Waislamu na Wakristo, chakula cha sikukuu hupikwa kwa kufikiria mdomo wa jirani. Mkristo humwita jirani Mwislamu amchinjie mbuzi ili sahani itakayovuka ua iliwe bila wasiwasi, na kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ambayo katika maeneo ya misheni si haba, husubiri siku nyingine. Mke wangu kwao hakuwahi kulifikiria hilo, kwa kuwa majirani wote walikuwa wa kanisa moja. Hapa alilijua kabla hajajua bei ya mbuzi.

Kisha kuna mgawo, ambao ndio mkaidi kuliko yote. Pwani kuku akipikwa, firigisi ni ya baba au ya mgeni wa heshima, na ukoko wa wali ni wa watoto waliokaa karibu na jiko. Wanaume huketi kwenye sinia lao barazani, wanawake kwenye lao uani. Uchagani kila kipande cha mbuzi kina mwenyewe kulingana na umri na nafasi yake katika ukoo, na kumpa mtu kipande kisicho chake ni kumwambia jambo. Nyumbani kwetu nazi imeingia, ndizi zimetoka, mbege, pombe ya ndizi ya Kichaga, haipo kabisa, lakini mbuzi wa Krismasi hukatwa na shemeji yangu kwa mpangilio wa Rombo, na vipande hutengwa hata kwa wazee walioko kilomita elfu moja mbali, kisha tukavila sisi kwa niaba yao baada ya kuwapigia simu. Mama yangu huangalia shughuli hiyo kwa mshangao wa adabu. Yeye huomba jambo moja tu kila mwaka: kwamba mjomba wa watoto awe amehudumiwa kwanza. Na kwa kuwa mjomba wa watoto ndiye huyo huyo shemeji mwenye kisu, pande zote mbili zimeridhika bila kujua kwamba zimeridhika kwa sababu tofauti.

Mambo haya haya hufanya kazi kwa wanaotoka Kusini. Jina la wamachinga, ambalo leo ni la wafanyabiashara wadogo wa nchi nzima, linahusishwa na Wamachinga wa Lindi walioingia Dar es Salaam kutafuta riziki, na Mbagala, upande ambao barabara ya Kusini huingilia jijini, bado ina familia nyingi zenye wazazi Ruangwa, Liwale au Newala. Kabla ya sikukuu mabasi hubeba vifurushi: korosho, ufuta, samaki wakavu, unga wa makopa. Ukivifungua vifurushi hivyo utaona tofauti ya walioondoka zamani na walioondoka juzi. Mzee hutumiwa unga, kwa kuwa kwake sikukuu bila ugali wa nyumbani haijakamilika. Kijana hutumiwa korosho, na huzimimina kwenye sahani za wageni kama karanga za dukani. Mjukuu aliyezaliwa Mbagala hula pilau kama jirani yake Mzaramo, na akiulizwa kwao wanakula nini Idd, hutaja ufuta, yaani kitu alichokiona kwenye kifurushi.

Kalenda nayo haijamaliza. Mwaka 2000 Idd el Fitr ilikuja mara mbili, mapema Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na mama yangu anaikumbuka ya pili kwa sababu ilifuatana na Krismasi ya upande wa baba yangu, ambao ni Wakatoliki wa Nyangao. Kwa hesabu ya mwezi, jambo hilo litarudi mwaka 2033: Idd mwanzoni mwa Januari, na nyingine takriban tarehe 23 Desemba, siku mbili kabla ya Krismasi, korosho zikiwa mnadani, maembe yakiwa chini ya miti na bamvua ikiwa imeacha mwamba mtupu. Nilipomweleza mama hesabu hiyo, alifikiri kidogo akasema mbuzi mmoja atatosha kwa siku zote mbili, mradi ajulikane mapema nani atamchinja. Mke wangu aliuliza nani atamkata.